Kamba Chini ya Pikapu

Kamba ile niliisokota mimi. Nalisema mwanzo kabisa, asije mtu akasema nilificha. Niliisokota kwa mikono yangu miwili, nimekaa kwenye kigoda uani kwetu Sindeni, mume wangu yuko chini ya pikapu, miguu yake tu ndiyo imetokeza nje. Nyuzi nane za katani. Mafundo saba. Nikailoweka siku mbili kwenye oili chafu, nikaiviringishia kipande cha kaniki, naye akaifunga kati ya ekseli ya nyuma na chesisi. Kila kimoja katika hivyo kilikuwa na sababu yake. Hakuna aliyeniuliza sababu hata moja.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya kazi ya kila siku. Alfajiri mume wangu alikuwa anakwenda maboma ya Wamasai huko nyuma ya Mazingara, anapakia maziwa kwenye madumu, anayakimbiza Korogwe kabla jua halijakaza. Maziwa hayasubiri mtu. Ukienda polepole yanafika yamechacha. Ukienda mbio kwenye barabara ile iliyojikunja kama bati la nyumba, yanafika yamesukwasukwa na springi imevunjika. Mnunuzi wa Korogwe alikuwa anafungua dumu, anachungulia, anasema, "Leo umeniletea nini, ndugu yangu, maziwa au samli?" Mume wangu alikuwa anacheka mbele yake. Akifika nyumbani hacheki.

Halafu akaona zile video kwenye simu. Pikapu kama yetu, nchi gani sijui, zinapita jangwani kwa kasi ya kutisha. Mchanga unaruka, magurudumu yanapanda na kushuka kama yana wazimu, lakini bodi juu imetulia tuli, kama mwanamke mwenye ndoo ya maji kichwani. Akairudia mara kumi. Akaniita.

"Njoo usikie. Huyu Mzungu anasema nini?"

Yeye aliishia darasa la saba. Mimi nina kidato cha nne, na Kiingereza nilipata D, ila D yangu ilitosha. Nikawa mkalimani wa jangwa. Mzungu anaongea puani, mimi nasikiliza mara tatu, namwambia.

"Anasema gari likiruka, magurudumu yananing'inia hewani. Yakining'inia sana yanavuta shokapu, yanavuta na mpira wa breki."

"Mpira ukivutwa?"

"Unakatika. Mafuta ya breki yanamwagika. Unakanyaga, hamna kitu."

"Basi mwambie nimesikia," akasema, na simu haina hata mtu wa kuambiwa.

Akaanza kuibadilisha ile gari huku inafanya kazi. Maziwa asubuhi, spana mchana. Alichukua majani ya springi kutoka lori bovu, akayapanga upya. Vyuma vinavyoshikilia springi akachomelea virefu zaidi, gari likapanda juu mpaka mwanangu wa miaka minne akawa anapita chini yake bila kuinamisha kichwa sana. Kila gurudumu la nyuma akaliwekea shokapu mbili badala ya moja. Akakata madigadi kwa msumeno ili matairi makubwa yaingie. Akang'oa bampa zito, akaweka bomba. Mzee mmoja jirani alikuwa anapita kila siku makusudi aone kimekatwa nini leo.

"Mwanangu, hilo jangwa unalolitengenezea gari liko wapi hapa Handeni?"

"Linakuja, mzee. Endeleeni tu kuchoma mkaa."

Mzee akacheka mpaka akaegemea fimbo.

Siku ya kwanza ya kulijaribu tulishuka kwenye korongo la mchanga, mto uliokauka. Mimi nilikuwa mbele na mtoto mapajani. Alikanyaga mafuta, na nakwambia ukweli, nilifumba macho. Nikasubiri kupigwa kichwa kwenye paa. Hakuna kilichonipiga. Nikafungua macho nikaona mchanga unapita pembeni kama maji, na mume wangu ametulia kwenye usukani, midomo imeachama kama mtoto. Sijawahi kumwona vile, si siku ya ndoa yetu, si siku tuliyopata mtoto. Nilimwonea wivu yule mtu wa kwenye korongo, maana nyumbani sikuwa naye.

Mpira wa breki mrefu ulikuwa umeagizwa Dar. Wa zamani ulikuwa mfupi kwa gari lililopandishwa vile. Mzungu wa kwenye simu alikuwa na mkanda maalumu wa kuzuia ekseli isishuke kupita kiasi. Sisi mkanda huo tutautoa wapi? Nikamwambia ngoja. Babu yangu mzaa baba alikuja Korogwe kama manamba kwenye mashamba ya mkonge, na kwetu Kerenge hakuna mtoto wa kike asiyejua kusokota kamba ya katani ya kufungia ng'ombe mkorofi. Nikasokota ile kamba na pacha wake, kulia na kushoto. Mafundo saba ni kwa ajili ya kupima: unaning'iniza fundo hili, ekseli inashuka kiasi hiki; unaning'iniza lile, kiasi kile. Ingekuwa na mafundo matano kama ekseli ingetaka matano. Oili ni ili isioze. Kaniki ni ili isisuguliwe na chuma, maana kitambaa kingine kigumu hatukuwa nacho ndani.

"Wiki mbili tu," akasema. "Mpira ukija tunazitoa."

Siku ya tisa mimi ndiye niliyemwambia, "Asubuhi nimesikia kamba ya kulia inasugua. Kaiangalie."

Hilo sikumwambia mtu yeyote msibani. Ilikuwa alasiri. Matairi ya nyuma yalikuwa yamepelekwa kuzibwa, gari lilikuwa juu ya mawe. Akaingia chini, na huko kwenye mchanga wa baridi kulikuwa na nyoka amejilalia. Wengine walisema koboko, wengine wakasema kifutu. Aliyemwona ni yeye peke yake. Nilisikia amesema "Aa!" mara moja, kama mtu aliyekumbuka kitu. Gari lenye mbio kuliko yote Sindeni lilikuwa juu ya mawe, halina matairi ya nyuma. Tulimpakia kwenye bodaboda, kijana mmoja jirani akamshika kwa nyuma. Alikata roho kabla hawajaona taa za Handeni mjini.

Kwa hiyo waliposema baadaye kwamba nimemuua mimi, walikosea. Ila usiku, nikikumbuka ni nani aliyemwambia aingie chini, naona hawakukosea sana, na hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo.

Nikaingia eda. Miezi minne na siku kumi, chumba kimoja, dirisha moja la mbao linalotazama uani. Ufa wa dirisha ulitazama moja kwa moja kwenye pikapu. Nilikuwa nasikia bati lake linalia jua likitoka na likizama, ta, ta, ta, kama mtu anayeweka spana chini moja moja. Asubuhi nikisikia nasema kimoyomoyo, huyo, ameshaamka. Kisha nakumbuka.

Siku ya ishirini hivi akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, anaishi Korogwe. Amekuja na fundi, mtu mzima mwenye mvi, ili gari lirudi barabarani. Sikuwa na neno. Maziwa lazima yaendelee kwenda, na mtoto lazima ale. Nilikaa kwenye ufa nikasikiliza. Jeki ikapanda. Jeki ikapanda. Katikati ya gari hakuna aliyeingia, waliogopa. Fundi alifanya kazi kutokea pembeni, mkono mmoja tu ndani. Halafu akaurudisha mkono.

"Kaka," fundi akasema. "Hebu njoo uone kitu hapa."

Shemeji akainama. Akainuka haraka.

"Mama! Mama, njoo!"

Mama mkwe akatoka jikoni. Alipoiona alipiga ukelele mmoja, kuku wote wakaruka.

"Kaniki! Kaniki nyeusi na mafundo saba! Wamemfunga mwanangu chini ya gari lake mwenyewe! Nani kafanya hivi? Nani?"

Mwanamke wa eda hapandishi sauti. Hazungumzi na wanaume wasio wake. Nilijua. Nikafungua dirisha.

"Mama, hiyo ni kamba ya gari! Nimeisokota mimi mwenyewe! Msiitoe, inashikilia ekseli, mpira wa breki ni mfupi, ule mrefu haujaja!"

Mama mkwe akageuka polepole, akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona toka nilipoolewa.

"Kumbe unaijua," akasema.

"Naijua, mama, kwa sababu..."

"Anaijua! Mmesikia wote? Kasema kwa kinywa chake! Kaisokota mwenyewe!" Akashika kichwa. "Nilimwambia mwanangu, usioe kwa manamba. Watu hatujui walikotoka, hatujui walikuja na dawa gani. Akaniambia, mama, huyu amesoma. Kusoma kwenyewe ndiko huku!"

"Muulizeni fundi!" nikasema. "Fundi, mzee wangu, si unaona mwenyewe?"

Fundi akatazama spana iliyokuwa mkononi mwake. Akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni fundi wa magari, mambo ya familia hayajui. Namkumbuka vizuri kwa sentensi hiyo.

Wakamwita mtaalamu, mganga mmoja mzee wa kijiji cha pili anayeitwa kila mahali ambapo watu hawataki kufikiri. Hakuingia chini ya gari hata yeye. Alitia mkono uliopakwa unga, akakata kamba zangu kwa kisu, moja, ya pili, akazitupa kwenye makaa pamoja na chumvi. Oili iliwaka vizuri. Moshi mzito wa katani uliingia chumbani kwangu, ukakaa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye chakula nilicholetewa na sikula.

"Imekwisha," mtaalamu akasema. "Sasa gari ni safi."

Sasa gari lilikuwa kaburi lenye matairi. Liliinuliwa kama punda mrefu, shokapu mbilimbili, majani ya lori, limetengenezwa liruke, na kitu pekee kilichokuwa kinaizuia ekseli isiukate mpira kilikuwa majivu. Nilijua itatokea wapi. Kuna mteremko kabla ya daraja dogo, una bonde katikati. Mume wangu alikuwa anapenda kupita pale kwa mbio, gari linaruka, magurudumu yananing'inia. Baada ya pale ni kushuka tu. Shemeji naye alikuwa ameshasikia sifa za lile gari. Nilimsikia akimwambia fundi, "Wanasema linapaa. Kesho nitaona."

Ningemwacha apae, Mungu anisamehe. Lakini asubuhi iliyofuata akaja kusimama nje ya mlango wangu, akakohoa.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Tumekaa kama ukoo. Mtoto atakwenda kukaa kwa shangazi yake Korogwe. Nitaondoka naye leo."

"Kwa gari lipi?"

Akashangaa swali. "Gari la baba yake, lipi jingine?"

"Shemeji, nakuomba. Mchukue kwa basi. Mchukue kwa miguu. Mpakie kwenye gari la ng'ombe. Usimpakie kwenye hiyo pikapu."

"Hilo ndilo lililobaki," akasema. "Umemmaliza baba, sasa unamtishia mtoto."

Nyayo zake zikaondoka. Kwenye ufa nikaona mwanangu amevalishwa gauni la Idi, amebebwa, amewekwa kiti cha mbele peke yake. Anafurahi. Anachezea redio ya baba yake. Shemeji akaingia ndani kunywa chai, maana mtu akishahukumu lazima anywe chai.

Nikasimama. Mama mkwe alikuwa kwenye mlango wa nje, amejaa mlango mzima.

"Ukivuka kizingiti hiki na eda yako," akasema, "umejishtaki mwenyewe."

"Nimeshahukumiwa, mama. Nipishe."

Sikumsukuma. Wanasema nilimsukuma. Nilipita chini ya mkono wake.

Nikaenda moja kwa moja na kuingia chini ya pikapu. Lilikuwa refu, halikunipa shida. Nikatambaa mpaka katikati ambako hakuna mtu aliyekuwa amefika, na pale nikamkuta.

Sisemi mzimu. Nasema mchanga. Mvua haikufika pale, ufagio haukufika, mtaalamu na unga wake hakufika. Mgongo wake ulikuwa bado umechorwa: mabega, kiwiko cha kulia, kisigino kimoja kilichochimba mfereji mrefu pale alipojivuta kutoka. Na pembeni ya mkono, spana namba kumi, mahali alipoiachia. Pa kulala palikuwa hapo tu. Nikalala juu ya umbo lake, na mchanga ulikuwa baridi, na bega langu halikujaza bega lake.

Tundu la nyoka sikulitafuta. Nilijiambia likiwepo lipo.

Nikaokota ile spana nikaanza kumtukana. Nilimwita we mwanaume. Nilimwambia we mwanaume na jangwa lako, jangwa umeliona wapi, umezaliwa kwenye mahindi ukafia kwenye mahindi. Nilimwambia umeniacha na mama yako. Nilimwambia ungesubiri mpira, wiki mbili zingekuua? Nilimwambia na mimi ungenikatalia, ungesema siendi kuiangalia kamba, nimechoka, mara ngapi umenikatalia mambo ya maana, siku hiyo ulikuwa na utii gani? Huku nalia, huku nafungua nati ya bomba la breki. Ilikaza, kisha ikaachia, na mafuta yakanimwagikia mkononi mpaka kwapani.

"Yuko chini!" mama mkwe alikuwa anapiga kelele. "Kaingia chini! Usiwashe!"

Shemeji alikuja mbio, kikombe bado mkononi. Nikamwambia kutoka huko chini, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, ingia ukanyage breki."

Hakutaka. Fundi, aliyekuwa amelala kwetu ili warudi Korogwe pamoja, ndiye aliyefungua mlango, akanyoosha mguu, akakanyaga. Niliisikia pedali ikizama mpaka kwenye sakafu, juu ya uso wangu. Akakanyaga tena. Ikazama tena.

"Hivyo ndivyo ingekuwa kwenye mteremko," nikasema. "Na mtoto yuko hapo pembeni yako."

Fundi akapiga magoti. Kwa mara ya kwanza akaingiza kichwa chote. Aliangalia bomba, akaangalia mpira, akaupima kwa shubiri, akaangalia mahali palipobaki alama za kamba kwenye chuma. Alipotoka alijifuta mikono, akamwambia shemeji bila kumtazama machoni, "Kaka, mpira huu ni mfupi. Huyu dada anachosema ndicho."

Hapo, kama ningekuwa natunga, ningesema wakaniomba radhi.

Nilitoka chini ya gari nimejaa mchanga mgongoni, mchanga wa umbo lake, mafuta yananichuruzika mkononi, kichwa wazi. Watu walikuwa wamejaa uani. Nikawaona wanarudi nyuma, hatua moja, kisha ya pili, na shemeji amerudi nyuma kuliko wote. Nikaelewa. Mpira wa breki hawakuuona. Waliona mwanamke ametoka kulala mahali mwanaume alipoumwa, na nyoka hakumgusa. Kwao hilo lilikuwa na maana moja tu: nyoka ni wangu.

"Nipe mtoto," nikamwambia shemeji.

Mama mkwe akasema taratibu, hata hakunitazama, "Mpe. Mpe aende naye. Asituachie kitu."

Ningeweza kukana. Nilikuwa na maneno yote kichwani: ekseli, shokapu, bonde kabla ya daraja. Ningewaeleza mpaka jioni, wangenisikiliza, hofu ingewatoka, na mtoto wangemrudisha kwenye kiti. Kwa hiyo nilinyamaza. Nikamtazama shemeji usoni na kuachia kila alichokuwa anakiogopa kikae pale pale. Alifungua mlango wa gari kwa ncha za vidole, akarudi nyuma, akanisubiri nimchukue mwanangu mwenyewe. Hawakuniamini. Waliniogopa, na mimi niliitumia hofu yao kama nilivyoitumia ile spana. Sindeni mimi ni mchawi mpaka leo, na nilisaini mwenyewe.

Niliondoka saa ile ile na kanga mbili. Sehemu iliyobaki ya eda niliimalizia Kerenge kwa mama yangu. Wako wanaosema eda ya namna hiyo haihesabiki. Waihesabu wao.

Tulipanda bodaboda, mtoto katikati yangu na dereva, gauni lake la Idi limepata doa la mafuta ya breki ambalo halikutoka kamwe. Tulikuwa tumeshapita mashamba ya mkonge alipogeuza shingo.

"Mama, baba bado yuko chini ya gari?"

"Hayupo."

"Mbona ulikuwa unamgombeza?"

Sakafu ya ile pikapu ilikuwa na tundu kwenye gia. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kwa sababu amekufa," nikasema.

Akafikiri. Akarudi kutazama mgongo wa dereva, kisha akasema, kama mtu anayeeleza kitu cha kawaida, "Mimi baba aliniambia nitulie tu, gari haliendi popote."

Dereva akapunguza mwendo kidogo, akaongeza tena. Sikumuuliza mwanangu alimsikiaje, wala kwa sauti gani. Sasa anakwenda shule, ana maneno mengi, angeweza kunieleza vizuri. Bado sijamuuliza.